Kadi yenye sura ya mkeka, na namba inayosomeka ng'ambo ya mpaka

MFANYABIASHARA anayeuza mikeka na vikapu vya ukili kutoka upande wa Tanga, akavuka Horohoro kuingia Lunga Lunga na kuendelea hadi Ukunda, hawezi kumfungulia kila mteja mzigo mzima. Ataonyesha vikapu viwili au vitatu, atakubaliana bei na mwenye duka, kisha atawahi gari la kurudi. Kinachobaki kwa mnunuzi ni kipande cha karatasi chenye urefu wa milimita 85 na kimo cha 55. Kikisomeka, simu hupigwa. Kisiposomeka, oda huenda kwa muuzaji mwingine.

Siku hizi wafanyabiashara wengi hawataki kadi nyeupe tupu. Wanataka kadi ambayo jicho likiitazama linaona mkeka, gunia la katani au uzi wa kitenge, ingawa kidole kikipita juu yake hakigusi kitu. Kazi hiyo inafanyika kwenye kompyuta ya kawaida ya steshenari, au saiba kama wanavyoita Wakenya, kwa programu ya kuhariri picha. Photoshop inalipiwa kila mwezi au kila mwaka. GIMP ni ya bure na inatosha kabisa kwa kazi hii.

Chanzo kizuri cha sura hiyo ni bidhaa yenyewe. Kwenye intaneti kuna maelfu ya picha za ukuta uliopasuka na ngozi ya ng'ombe, lakini muuza mikeka ana mkeka. Autandike karibu na mlango asubuhi au jioni, mwanga uingie kwa ubavu ili kila mshono wa ukili uangushe kivuli kidogo, kisha apige picha simu ikiwa imeelekea chini moja kwa moja. Jua la saa sita mchana linafuta vivuli, na bila vivuli mkeka unaonekana kama karatasi ya kaki. Eneo la kupiga lisizidi viganja viwili. Mkeka mzima ukibanwa kwenye kadi, misuko inakuwa midogo mno na printa inaichapa kama vumbi.

Picha ikitumwa kwa WhatsApp, itumwe kama hati, si kama picha. Ikitumwa kama picha hubanwa, na kingo za miyaa huvurugika.

Kwenye GIMP, karatasi mpya hufunguliwa kwa vipimo vya milimita 91 kwa 61, pikseli 300 kwa kila inchi. Hizo milimita 3 zinazozidi kila upande ni za kukatwa: kisu cha steshenari hakipiti mahali palepale mara mia, na pasipo ziada hiyo baadhi ya kadi hutoka na mstari mweupe pembeni. Kwa pikseli, karatasi hiyo ni takriban 1,075 kwa 720. Picha ya simu ya kawaida ina pikseli nyingi kuliko hizo, kwa hiyo hakuna haja ya kamera ya gharama.

Tabaka la chini hujazwa rangi moja, tuseme ya maziwa au ya udongo. Picha ya mkeka huletwa juu yake kama tabaka la pili, kisha huondolewa rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Baada ya hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu hufuata maelekezo ya video bila kujali rangi waliyoweka chini. Kwenye sehemu iliyoandikwa Mode kuna namna nyingi za kuchanganya matabaka, na mbili ndizo zinazofaa hapa. Ile inayoitwa Overlay inafanya kazi vizuri juu ya rangi ya kati, kama kahawia au kijani cha mgomba. Juu ya nyeupe haifanyi lolote, na juu ya rangi ya maziwa huonekana kwa shida, ndiyo maana mtu huongeza na kuongeza akidhani programu imeharibika. Kwa kadi ya rangi nyepesi inatakiwa Multiply, ambayo hutia giza mahali penye kivuli na kuacha penye weupe kama palivyo. Kabla ya kuitumia, picha ing'arishwe kwanza mpaka mgongo wa ukili uwe karibu mweupe. La sivyo kadi nzima itakuwa ya kijivu.

Kisha tabaka la mkeka lififishwe hadi kati ya asilimia 15 na 30. Kwenye kioo itaonekana hafifu. Iachwe hivyo. Wino hutanuka kidogo ukigusa karatasi, na mistari midogo iliyosongamana hutoka mizito kuliko ilivyoonekana kwenye kompyuta.

Asiye na bidhaa ya kupiga picha, kama muuza simu au mwenye gari la mizigo, anaweza kutengeneza uso wa karatasi ya zamani ndani ya programu. Tabaka la kijivu hutiwa chenga kwa kichujio cha Noise, hulainishwa kidogo, kisha hupitishwa kwenye Emboss ili chenga hizo zipate mwinuko. Inapendeza, ila haisemi chochote kuhusu biashara.

Namba ya simu

Hapa ndipo hasara ilipo. Uso wenye mistari ukipita nyuma ya tarakimu nyembamba, 3 hugeuka 8, na 6 hufanana na 0. Mteja akikosea tarakimu moja hatajua kosa liko wapi. Atadhani mwenye kadi amebadilisha laini.

Dawa yake ni barakoa ya tabaka. Kwenye tabaka la mkeka huongezwa barakoa nyeupe, kisha sehemu itakayokaa maandishi hupakwa rangi nyeusi kwa brashi yenye kingo laini. Mkeka unatoweka hapo taratibu bila kuacha alama ya boksi, na picha yenyewe haijafutwa. Ukipaka nyeupe unarudi. Namba iandikwe kwa hati nene isiyo na mapambo, ukubwa wa pointi 11 au zaidi, na anwani isishuke chini ya pointi 8. Maandishi yote yakae angalau milimita 4 ndani ya mstari wa kukatia. Zile hati zilizovimba na kuwekewa kivuli waachiwe wenye kadi za harusi.

Na namba iwe na kodi ya nchi. Simu za mkononi za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zote zina namba zinazoanza na 07 zikiandikwa kwa mtindo wa nyumbani. Mnunuzi wa Ukunda akibonyeza 07 ya muuzaji wa Tanga kwa laini yake ya Kenya, anaweza kumpata Mkenya asiyejua mkeka wala kikapu. Tanzania ni +255, Kenya +254, Uganda +256, Rwanda +250, Burundi +257, Kongo +243 na Sudan Kusini +211. Ile sifuri ya mwanzo huondolewa. Mwenye laini mbili, moja ya kila upande, aziandike zote na jina la nchi mbele ya kila moja. Kwa wanaovuka kutoka Rusizi kwenda Bukavu, au kutoka Gisenyi kwenda Goma, upande wa nyuma wa kadi unaweza kubeba maneno machache ya Kifaransa kuliko kuachwa mtupu.

Wanaoweka kodi ya QR inayofungua WhatsApp waiweke kwenye kisanduku cheupe kisicho na mkeka hata kidogo, chenye ukingo mweupe kuizunguka, na isipungue sentimita 2 kila upande. Simu nyingi za bei nafuu hushindwa kuisoma ikiwa juu ya uso wenye mistari.

Bendera nazo zina mambo yake. Wapo wanaopenda kuweka bendera za nchi mbili au ngao ya taifa ili kadi ionekane ya kimataifa. Kenya ina Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, na Tanzania ina sheria yake ya nembo za taifa; matumizi ya alama hizo kibiashara bila kibali yanaweza kuleta matatizo. Wala kadi, hata iwe nzuri vipi, si karatasi ya forodha. Anayevusha bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya bado anahitaji cheti rahisi cha uasili wa bidhaa.

Kwenye printa

Kwenye karatasi ya A4 zinaingia kadi 10 zilizopangwa bega kwa bega bila ziada ya kukatia. Zikiwa na ziada, zikisimamishwa wima, zinaingia 9. Kwa kadi mia moja tofauti ni karatasi mbili: 10 au 12. Anayekata kwa mkono achague ile ya 9, hasara ya karatasi mbili ni ndogo kuliko ya kadi thelathini zenye kingo nyeupe. Kwenye dirisha la kuchapa, ukubwa uwe asilimia 100. Printa ikiachiwa ipunguze ili ienee kwenye ukurasa, kadi zote zinatoka ndogo na kila kipimo kilichohesabiwa kinapotea.

Karatasi ya gramu 250 hadi 300 inafaa. Isiwe ile yenye mikwaruzo ya kweli, kwani wino wa unga haufiki vizuri kwenye mabonde yake, na mkeka wa picha hugombana na mikwaruzo ya karatasi. Printa ya leza ni bora kwa mtu wa safari. Wino wa maji wa printa nyingi ndogo hutoka ukiloa jasho au mvua. Plastiki ya kung'aa nayo huua kazi yote, maana mwanga unaorudi hufunika ule mkeka. Anayetaka plastiki aombe isiyong'aa.

Kabla ya kulipia mia, ichapwe karatasi moja ya kawaida, ikatwe, na apewe mtu mzima asiyevaa miwani aisome namba jioni kwa sauti. Akisita kwenye tarakimu yoyote, mkeka upunguzwe tena.

Faili la kazi la XCF, lenye matabaka yote, lichukuliwe pamoja na PDF ya kuchapa na kuhifadhiwa kwenye barua pepe ya mwenye biashara. Kompyuta za steshenari husafishwa wakati wowote, na namba ikibadilika, mwenye PDF pekee hulazimika kuanza upya kwenye kutandika mkeka.