Gundi ya Mgunga na Dawa ya Mwarobaini (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi kiini cha maua ya pareto kinavyotolewa huko Nakuru kwa heksani, kimiminika kitokanacho na petroli, chepesi kushika moto, kisichomfaa asilani mtu asiye na mitambo. Leo twasogea mjini, kwa wakulima wa Kibera na wa Kawangware, ambao sukuma wiki yao humea katika magunia ya udongo kando ya nyumba za mabati, na ambao hasimu wao ni vidukari wajazanao chini ya jani; dawa ya vidukari hao tutaitafuta katika mwarobaini.

Mnamo 1959, nzige walipovamia Sudan, mtaalamu wa Kijerumani Heinrich Schmutterer aliona kwamba walikula kila kijani wakauacha mwarobaini. Siri imo katika mbegu: azadirakitini, ambayo huyeyuka majini kidogo tu, na wenziwe salanini na nimbini, wapendao mafuta. Maji matupu, basi, huchukua baadhi na kuacha baadhi, ilhali mpishi wa pwani ajua tangu zamani kwamba rangi ya binzari, isiyokubali maji, hutoka vizuri katika tui, kwa kuwa tui ni maji yaliyobeba matone madogo mno ya mafuta.

Matone hayo, yakiachwa, hutafutana na kuungana. Sharti pawepo kizuizi. Hapo ndipo polima huingia, na iliyo bora kwetu ni gundi ya mgunga, ambayo wafugaji wa Isiolo, Samburu na Turkana huichuma gomeni. Ni minyororo mirefu ya sukari iliyofungamana na protini chache: protini hushika uso wa tone, na matawi ya sukari hutanda majini, hata tone jirani lisipate pa kukaribia. Mbegu ikitwangwa na kukorogwa kwa nguvu katika maji ya gundi, mafuta yake yenyewe huwa matone, na kila kiini hupata makao yake.

Dawa hii inyunyizwe jioni, maana jua huiharibu azadirakitini. Ama atakaye kiini kitupu, gundi iliyomsaidia ndiyo itakayomkatalia kutenganisha, mpaka atie spiriti ya kutosha, ambayo huigandisha gundi na kuizamisha. Taratibu zake tutazieleza juma lijalo.