Mrashi wa Bibi Ulitoka Wapi?

Katika nyumba za watu wetu hapa Johannesburg haukosi kuonekana mrashi wa kioo chekundu au cha buluu, wenye shingo nyembamba na nakshi za dhahabu, utolewao kabatini siku ya maulidi au arusi. Ukiuliza asili yake, huambiwa: "Umetoka Uarabuni." Pengine ulipitia huko, ila wengi wa namna hii walitengenezwa Bohemia, nchi ya Wacheki, ambako mafundi wa karne ya 19 walichonga vioo kwa masoko ya Waislamu. Sayyida Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886, ameeleza jinsi vyombo vya kioo na kauri vilivyopangwa katika vidaka vya kuta za nyumba za Unguja.

Swali hili lina uzito. Chombo kikiingia katika mirathi hapana budi kithaminiwe kwa haki, na mnunuzi wa vitu vya kale hatakufundisha bei yake kabla hajakitia mkobani.

Chukua kioo cha kukuzia, utazame ukingo wa mchongo, pale rangi inapokutana na weupe. Rangi ikiwa nyembamba isiyo na unene, imepakwa kisha ikachomwa. Ufundi huo ni wa Friedrich Egermann wa Bohemia, aliyepata manjano kwa fedha, na mnamo 1832 wekundu kwa shaba. (Wapo waiitao rangi ya bandia, wanaudhulumu ufundi wa watu.) Rangi ikionyesha unene, basi ni kioo cha tabaka mbili zilizounganishwa motoni.

Papasa kingo. Zilizochongwa ni kali. Zilizofinyangwa kwa kalibu ni butu, na huenda ukaona mshono.

Uzito hudanganya. Kioo chenye risasi ni kizito na hulia kikigongwa. Waingereza walisifika nacho, lakini Baccarat ya Ufaransa nayo iliitumia risasi, na alama yake ya kuchorwa kwa asidi ilianza kutiwa kwa kawaida 1936. Kukosa alama, basi, si hoja.

Likiwapo neno "Czechoslovakia" kitakoni, nchi hiyo ilizaliwa 1918 ikavunjika mwisho wa 1992. Mrashi huo haukuwa zawadi ya Sayyid Barghash, aliyefariki 1888, hata shangazi aape.

Usiuoshe kwa maji ya moto, wala usiyaache marashi ndani baada ya shughuli. Kioo huingia ukungu usiotoka.