Baharia Aliyegeuza Mashua Yake

Msomaji aliyepata kusimama katika Bandari ya Kale ya Mombasa ameona jinsi jahazi moja linavyotaka mikono mingi: huyu yuko kwenye usukani, wale wanavuta kamba za tanga, na mwingine anateka maji yaliyoingia ndani. Sasa na afikirie mashua ya mbio yenye urefu wa futi 60, na ndani yake mtu mmoja tu.

Hayo ndiyo mashindano yaitwayo Vendée Globe, yaliyofanywa mara ya kwanza mwaka 1989 kutoka mji wa Les Sables-d'Olonne, magharibi ya Ufaransa. Sharti lake ni zito: kuizunguka dunia nzima peke yako kwa nguvu ya upepo, pasipo kupokea msaada bandarini. Huanza mwezi wa Novemba, majira ya baridi yanapoingia Ulaya. Labda mtu atauliza kwa nini wachague wakati mbaya namna hiyo. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya safari iko kusini kabisa, chini ya Afrika, Australia na Amerika ya Kusini, na huko Desemba na Januari ni kiangazi. Basi huvumilia dhoruba za baridi karibu na Ufaransa, wakati wa kutoka na mara nyingi wakati wa kurudi pia, ili wasiikute bahari ya kusini katika baridi yake yenyewe. Hata hivyo kiangazi cha huko ni cha jina tu. Maji yake humwua mtu upesi, na mawimbi huinuka kama vilima.

Mabaharia hao hulala kidogo kidogo, pengine dakika 20 tu, huku chombo cha umeme kikishika usukani. Mimi karani, ambaye husinzia mezani baada ya chakula cha mchana, nastaajabu sana.

Siku ya Krismasi mwaka 1996 Mwingereza mmoja, Bwana Pete Goss, aliyekuwa askari wa majini zamani, alikuwa akikimbia mbele ya dhoruba kali kusini ya Australia. Mashua yake, Aqua Quorum, ilikuwa ya futi 50 tu, ndogo kuliko nyingi za wenzake. Mara akapata habari kwamba Mfaransa Raphaël Dinelli, aliyekuwa nyuma yake, mashua yake imepinduliwa na inazama. Hapakuwa na meli nyingine karibu.

Kukimbia mbele ya dhoruba ni jambo moja. Kugeuka na kuikabili ni jambo jingine kabisa. Wavuvi wetu wa pwani wanajua taabu ya kupiga bisho hata katika upepo wa kawaida, mashua ikienda upande huu na upande huu, ikipata hatua chache kwa kazi nyingi. Goss aligeuza omo akapiga bisho hivyo kwa muda wa siku mbili, na mashua ikaangushwa ubavu mara kwa mara. Alikuwa na mke na watoto nyumbani, na mashua hiyo ndiyo iliyobeba mali yake yote.

Wakati huo Dinelli alikuwa amesimama juu ya chombo chake kilichojaa maji, mawimbi yakimpiga mchana na usiku. Ndege ya jeshi la Australia ilimwona ikamwangushia mashua ya mpira. Alipokwisha kuingia humo, haukupita muda mrefu chombo chake kikazama. Tarehe 27 Desemba ndege ilimwongoza Goss hadi mahali pale. Dinelli alikuwa amekakamaa kwa baridi hata hawezi kusogea vizuri, lakini alimpa mwokozi wake chupa ya mvinyo wa shampeni aliyoiokoa. Goss alimnywesha chai yenye sukari, akamtunza kama mtoto, akampeleka Hobart, Tasmania.

Kisha akaendelea na mashindano. Njiani kiwiko chake kiliharibika, naye akajipasua mwenyewe kwa maagizo ya daktari aliyekuwa Ufaransa.

Mwaka ule bahari haikuwahurumia wote. Januari 1997 manowari ya Australia iliwaokoa Tony Bullimore na Thierry Dubois, ambao mashua zao zilipinduka. Gerry Roufs wa Kanada alipotea, wala mwili wake haukuonekana kamwe.

Christophe Auguin alishinda kwa siku 105. Goss alifika Machi 1997, akawa wa tano kwa siku 126, baada ya kupunguziwa muda alioutumia kumwokoa mwenzake. Serikali ya Ufaransa ilimpa nishani ya Légion d'honneur. Kabla mwaka huo haujaisha, yeye na Dinelli walipanda mashua moja, ile ile Aqua Quorum, wakashindana katika mbio za watu wawili kuvuka Atlantiki. Na Dinelli, ambaye sisi wengine tungemshauri anunue shamba mbali na maji, alirudi tena katika Vendée Globe, na mwaka 2005 akaumaliza mzunguko wote peke yake.