Ladha ya Huzuni: Msikilizaji na Wimbo wa Majonzi katika Taarabu ya Mombasa

Imezoeleka katika uhakiki wa fasihi kuuchukulia wimbo kama shairi lililoandikwa: vina huhesabiwa, mizani hupimwa na maudhui huorodheshwa. Mkabala huu una manufaa yake, lakini haujibu swali moja la msingi: kwa nini mtu asiyefikwa na msiba huchagua kusikiliza wimbo wa majonzi, tena akaurudia? Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kurejelea taarabu ya Mombasa, hususan kazi za Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, na Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016.

Jambo la kwanza ni sauti. Wasanii hawa wawili hawakuogopa kujaribu. Bhalo alizichukua lahani za filamu za Kihindi akazivika ushairi wa Kiswahili, ilhali Zein, mzaliwa wa Lamu, aliegemea udi na mapokeo ya muziki wa Kiarabu. Shingo ya udi haina vigawanyo vya sauti kama ya gita. Kwa hivyo, vidole vya mpigaji huweza kuteleza na kutua kwenye sauti zilizo baina ya zile za kinanda. Sikio lililozoea muziki wa Kimagharibi huhisi kwamba sauti hizo hazijatulia, na ugeni huo humfanya msikilizaji awe makini hata kabla hajayaelewa maneno.

Jambo la pili ni fumbo. Zein aliimba tungo nyingi za Ahmed Sheikh Nabhany, naye Bhalo akaimba za jamaa yake, Ahmad Nassir. Katika mapokeo haya, aghalabu mhusika hatajwi kwa jina. Hutajwa ua, ndege au chombo baharini. Kutotaja huko huacha nafasi. Aliyefiwa, aliyeachwa na aliye mbali na kwao, kila mmoja huingia katika wimbo uleule na lake moyoni.

Hayo hudhihirika katika desturi ya kutunza. Ubeti ukimgusa, msikilizaji huinuka akampa mwimbaji fedha mbele ya watu. Hadhira hutambua kwamba ameguswa, lakini si lazima ijue ameguswa na lipi. Katika jamii inayothamini stara, ambamo si kila uchungu husemeka, hiyo ni njia ya kukiri jambo pasipo kulifichua.

Aristotle alieleza kuwa tanzia huamsha huruma na hofu, kisha ikazitakasa hisia hizo. Wimbo wa majonzi nao hutenda kazi inayokaribiana na hiyo. Huzuni yake ina vina, ina mizani na ina mwisho. Ya maishani haina. Msikilizaji huipokea ikiwa imepangika, kwa hiari yake na kwa kadiri awezayo kuistahimili. Ndiyo maana mmoja humpenda Bhalo na mwingine Zein, wala hakuna hoja itakayowabadilisha: ladha ya kila mmoja imefungamana na maisha yake.

Ni wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili, basi, asiishie kwenye karatasi. Ausikilize wimbo, kisha awaulize wazee waliohudhuria maonyesho hayo ni ubeti upi uliowainua vitini. Wazee hao wanazidi kupungua. Wakiondoka bila kuulizwa, tungo zitabaki, lakini maana walizozipa zitapotea.