Kuiga si Kupatanisha: Istilahi za Kuendesha Michezo ya Zamani katika Mifumo Mipya ya Kompyuta

Miongoni mwa maandishi yanayowafikia wafasiri wetu siku hizi ni maelekezo ya kutumia programu za kompyuta. Katika maelekezo hayo lipo fungu moja ambalo limedharauliwa kwa muda mrefu, nalo ni lile linaloeleza namna ya kuendesha michezo ya zamani katika mifumo endeshi ya sasa. Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la lugha lijishughulishe na michezo. Jibu ni kwamba michezo ndiyo iliyogoma kwanza kila mfumo endeshi ulipobadilika, na kwa sababu hiyo ndiyo iliyowalazimisha mafundi kubuni njia mbalimbali za kuokoa programu kuukuu, kila njia na jina lake. Mtumishi wa ofisi mwenye programu ya mishahara iliyoandikwa miaka ya 1990 hutegemea njia hizo hizo na maneno hayo hayo.

Katika tafsiri nilizopata kuzipitia, njia hizo zote hukusanywa chini ya neno moja, kuiga, au huachwa katika umbo la mitaani, emuleta. Kasoro hii si ya mapambo tu. Njia moja humtaka msomaji awe na diski halali za mfumo wa zamani, nyingine haimtaki. Moja huilemea prosesa, nyingine haiilemei. Moja huufaa mchezo wa mwaka 1990, nyingine haifui dafu mbele yake. Msomaji aliyepewa jina lisilo sahihi hufuata utaratibu usiomhusu.

Yafaa kwanza kujua kwa nini mchezo hugoma. Kompyuta binafsi ya IBM ilitolewa mwaka 1981 ikiwa na prosesa ya Intel 8088, iliyokwenda kwa kasi ya megahezi 4.77, pamoja na mfumo endeshi wa DOS. Mfumo huo ulikuwa mwenyeji mpole. Mchezo ukishapakiwa, uliachiwa nyumba nzima: uliandika wenyewe katika kumbukumbu ya kioo, ukazungumza wenyewe na kadi ya sauti, na mara nyingine ukapima muda kwa kutegemea kasi ya prosesa. Ndiyo maana baadhi ya michezo hiyo, ikipelekwa katika mashine yenye nguvu, huenda mbio kiasi kwamba mchezaji hashuhudii hata alivyouawa. Windows NT ya mwaka 1993, na Windows XP ya mwaka 2001 iliyouingiza msingi huo majumbani, zilileta desturi nyingine. Humo hakuna programu ya kawaida inayogusa kifaa bila kubisha hodi kwa mfumo endeshi. Na mchezo wa DOS haukufundishwa kubisha hodi.

Kisha likaja suala la biti. Michezo ya DOS huanza kazi katika hali ya biti 16. Windows NT za biti 32 zilikuwa na chumba maalumu cha kuipokea, lakini prosesa ikiendeshwa katika hali ya biti 64 haina tena njia ile ya kujifanya 8086, na Windows za biti 64 hazina chumba hicho. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, haina kabisa toleo la biti 32. Jambo la kuudhi ni kwamba ipo michezo ya miaka ya 1990 ambayo yenyewe ni ya biti 32 na ingepokewa vizuri, ila programu ya kuisakinisha ni ya biti 16. Mgeni anakubalika, lakini mlango wake haupitiki.

Sasa na tuzitazame njia zenyewe. Ya kwanza ndiyo peke yake inayostahili neno kuiga. DOSBox, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, huiga mashine nzima kwa programu: prosesa, kadi ya picha, kadi ya sauti ya Sound Blaster, pamoja na DOS yenyewe. Kila agizo la mchezo husomwa na kutekelezwa na prosesa ya kuigwa, na kwa hiyo hata kasi inaweza kupangwa. Kipimo chake ni mizunguko, yaani idadi ya maagizo katika kila elfu ya sekunde. Mchezo unaokwenda mbio hutulizwa kwa kubonyeza Ctrl na F11, na unaozorota huharakishwa kwa Ctrl na F12. Chombo cha namna hii napendekeza kiitwe kiigaji. Umbo la mwigaji, ambalo nimelikuta mara kadhaa, halifai, kwa kuwa linatupeleka kwa mtu.

Wengine wamependekeza kiigizi. Neno hilo ni zuri, lakini tulihifadhi kwa kazi nyingine. Kuigiza ni kuonyesha tukio, kama katika tamthilia, na zipo programu ambazo kazi yake ni hiyo hasa: Flight Simulator ya Microsoft, iliyotoka mwaka 1982, humwonyesha mtu urushaji wa ndege. Hicho ndicho kiigizi. Tukifuata mgawanyo huu, mfasiri ataweza kuandika bila kutatanisha kwamba kiigizi cha zamani cha ndege kinaendeshwa ndani ya kiigaji. Pamoja na DOSBox huja amri ya kuifanya folda fulani ionekane kwa mchezo kama diski. Nimeona amri hiyo ikitafsiriwa kupanda diski, jambo ambalo hakuna Mswahili atakayelielewa. Kupachika latosha.

Njia ya pili ni mashine dhahania. Hapa prosesa haiigwi. Sehemu kubwa ya maagizo hutekelezwa na prosesa halisi, ila programu simamizi huijengea mfumo wa pili mipaka yake, ukadhani umo peke yake. Tofauti inayomhusu msomaji ni hii: ndani ya mashine hiyo hapana budi kusakinisha mfumo endeshi mzima, kwa mfano Windows 98, kwa diski na kibali chake. Baadhi ya waandishi husema mashine pepe. Siliafiki, kwani masikioni mwa wengi pepe imekwisha kuambatana na barua.

Njia ya tatu ndiyo inayochanganywa zaidi na kuiga, nayo ni upatanifu. Walimu watalikumbuka neno hili kutokana na upatanisho wa kisarufi, na mfano wenyewe unafaa: kitenzi hubadilika kufuata nomino. Katika miaka ya 1980 wanunuzi walipima kompyuta zilizofanana na za IBM kwa kujaribu kama Flight Simulator ingekubali kwenda humo. Mashine ndiyo iliyotakiwa kuufuata mchezo. Mfano mwingine ni SimCity. Toleo lake la Windows za awali lilikuwa na kasoro: lilisoma sehemu ya kumbukumbu ambalo lenyewe lilikuwa limekwisha kuirudisha. Katika Windows za kale jambo hilo halikudhuru. Watengenezaji wa Windows 95 walipoona mchezo huo ukianguka, waliuwekea mfumo wao kipengele cha kuitambua SimCity na kuichelewesha kumbukumbu hiyo isigawiwe mara moja. Hakuna kilichoigwa hapo. Mfumo ulikubali kuishi na dosari ya mgeni.

Marekebisho madogo ya namna hiyo mafundi huyaita kwa jina la kijiti chembamba cha seremala. Hatuna haja ya kulikopa jina lao, kwa maana seremala wetu anacho: ni kabari. Windows XP ilimpa mtumiaji mwenyewe uwezo wa kuchagua mkusanyo wa kabari, na hiyo ndiyo hali ya upatanifu. Mchezo ukiuliza umo katika mfumo gani, hujibiwa kwamba ni Windows 98, nao huridhika. Mfasiri anayeandika hali ya kuiga mahali hapa humfanya mwenye mchezo wa DOS aweke alama katika kisanduku na kungoja bure, kwa sababu hakuna kabari itakayoifanya Windows ya biti 64 ipokee programu ya biti 16. Vivyo hivyo michezo iliyolindwa na SafeDisc dhidi ya kunakiliwa: Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 ilikikataa kiendeshi cha ulinzi huo, na hali ya upatanifu haikirudishi.

Wine, iliyoanzishwa mwaka 1993, huyapokea maombi ya programu za Windows na kuyageuza yawe maombi yanayoeleweka na Linux. Waundaji wake walikerwa na mchanganyiko huu wa maneno hata wakalifumba kanusho ndani ya jina lenyewe, ambalo kirefu chake ni kwamba Wine si kiigaji. Kuiita kiigaji katika Kiswahili ni kumpinga mwenye jina. Tabaka la upatanifu linatosha.

Kinyume chake, ScummVM ya mwaka 2001, ijapokuwa jina lake linadai mashine dhahania, kwa hakika ni mkalimani: huziacha kando programu za awali za michezo na kuzisoma hati zake moja kwa moja, zikiwamo zile za mfumo ulioanza na Maniac Mansion mwaka 1987. Mkalimani ni neno linalotumika kwa programu za aina hiyo, nalo lisichukuliwe kwa ajili ya Wine.

Limebaki neno moja lililonishinda. Mwaka 1997 kampuni ya id Software ilitoa hadharani programu chanzi ya Doom, mchezo wa mwaka 1993, na tangu hapo watu wengi wameiandika upya kwa mifumo mingine. Kuhamisha kumekwisha kutumika kwa faili, na kwa kweli hapa hakuna kinachoondoka mahali pake. Kwa sasa naandika kuhamishia, bila kuridhika. Wasomaji wenye neno bora wanaombwa kulileta pamoja na sentensi mbili za mfano, kabla orodha hii haijapelekwa kusanifishwa.