Binti wa Bungoma na Maiti ya Mamake

 

Wiki chache zilizopita tulipigiwa simu mara tu baada ya sala ya Alfajiri. Mama mmoja wa mtaani kwetu hapa Mombasa, mtu mzima mwenye heshima zake, alikuwa amefariki usiku, saa nane. Watoto wake wote walikuwa karibu isipokuwa bintiye wa mwisho, aliyeolewa Bungoma. Ndugu zake wakatuuliza: tuzike Adhuhuri au tumngoje hadi Alasiri?

Wasomaji wetu, hasa akina mama, wanajua uzito wa swali hilo. Dini yetu inatuhimiza kuharakisha kumzika maiti. Lakini binti ndiye mwenye haki ya mwanzo ya kumuosha mamake, na kwa desturi ya kwetu wanawake hawaendi makaburini. Wao humuaga maiti nyumbani, kabla ya jeneza kutoka mlangoni. Akikosa saa hiyo, amekosa. Tukasema ingojewe Alasiri, na kuosha kuwe baada ya Adhuhuri, maana ndugu zake walikuwa wamekwisha kumkatia tikiti ya ndege ya saa mbili asubuhi. Kwa hesabu yetu angefika nyumbani saa saba.

Hesabu hiyo wazee wetu wangeistaajabia. Misafara ya Waswahili iliyokwenda Mumias, si mbali na Bungoma, katika karne ya kumi na tisa, ilichukua miezi kwa miguu. Kisha likaja gari la moshi, na tawi la reli likafika Kitale mwaka 1926. Hata leo, mwenye kutoka Bungoma hadi Mombasa kwa basi hupita Nairobi na kulala njiani. Kwa hiyo mtu asitwambie kwamba ndege ni anasa ya matajiri. Kwa Mwislamu aliyefiwa mbali, ndege ndiyo njia pekee ya kuwahi.

Binti yule aliondoka Bungoma alfajiri na mtoto wa miezi mitano, mumewe akiendesha gari, hadi kiwanja kimoja kidogo cha ndege cha bara. Hatutakitaja, kwa kuwa aibu tunayoieleza si ya kiwanja kimoja. Akaketi. Ukungu ulikuwa umeshuka. Saa mbili ikapita, na saa tatu. Alitupigia simu mara ya kwanza akasema, "Ami, bado." Tukamshauri aulize: kama ukungu ni wa muda mrefu, bora warudi garini waende Eldoret, ambako kuna uwanja mkubwa na ndege nyingi zaidi. Akauliza. Akajibiwa kwamba ndege inakuja sasa hivi. Saa nne akauliza tena, akapewa jibu lile lile. Saa tano mtu wa kuulizwa hakuonekana.

Mtoto akalia njaa. Ukumbi wa kungojea ulikuwa chumba kimoja chenye viti vichache, wanaume kwa wanawake wamebanana, na hapakuwa na pembe ya kumnyonyeshea mtoto kwa sitara. Akatoka nje, akakaa nyuma ya gari la mumewe. Alipotaka kutawadha apate kumsomea mamake Yasini akiwa na udhu, bomba halikutoa maji. Akanunua chupa ya maji ya kunywa.

Ndege ikaruka saa sita. Nairobi akaikuta ya Mombasa imekwisha kuondoka, akapata ya saa tisa na nusu. Sisi tulisalia jeneza baada ya Alasiri. Tulingoja dakika kumi, kumi nyingine, kisha kaka yake mkubwa akasema, "Sheikh, tumuenzi marehemu." Tukanyanyua jeneza. Alipofika nyumbani alikuta wanawake wamekaa kwenye mikeka wakisoma, na kitanda kiko wazi.

Ukungu ni kadari ya Mwenyezi Mungu, wala hakuna wa kulaumiwa kwa huo. Kitale iko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, chini ya mlima Elgon wenye mita 4,321. Katika nchi za juu namna hiyo asubuhi huwa na ukungu, na hewa ni nyepesi, hivyo ndege huhitaji mwendo mrefu zaidi ardhini kabla ya kupaa kuliko hapa kwetu pwani. Ndiyo sababu viongozi wanapozungumzia kuboresha viwanja vya Kitale, au Matulo kule karibu na Webuye katika kaunti ya Bungoma, neno la kwanza huwa njia ya kurukia, na wana haki. Njia ya Eldoret, uwanja uliofunguliwa mwaka 1997, inakaribia kilomita tatu na nusu, na ndege kubwa za mizigo hutua hapo. Kitale ni umbali wa kilomita 70 hivi tu kutoka Eldoret, na wako wanaouliza kama kila kaunti yahitaji uwanja wake. Ni swali zuri, na jibu lake liko kwa abiria: pasipo abiria wa kutosha hakuna kampuni itakayoleta ndege kila siku, hata jengo liwe la marumaru.

Lakini tukifika kwenye jengo lenyewe, tunaona fikra zinapotea. Kila mtu huwazia vioo na sakafu zinazong'aa. Watu wazima wa Lamu wanakumbuka walivyongojea ndege Manda chini ya paa la makuti, na wengi hawalalamikii makuti yale. Kivuli kilikuwepo, na upepo. Jengo la abiria, kwa maoni yetu, kazi yake ya kwanza ni kumwambia abiria ukweli. Rubani anajua hali ya hewa, mwongoza ndege wa Nairobi anajua, kampuni inajua. Asiyejua ni mama aliyeketi na mtoto mapajani, naye ndiye mwenye uamuzi mgumu kuliko wote. Mtu mmoja mwenye simu na kipaza sauti, anayesimama kila nusu saa na kusema "ukungu haujaondoka, hatutaruka kabla ya saa sita", ana thamani kuliko ukuta mzima wa vioo.

Baada ya hapo ndipo tuseme maji. Tangi la maji ya mvua halina gharama kubwa, na Kitale na Bungoma hazina uhaba wa mvua. Chumba kidogo chenye mlango na kiti, wanyonyeshaji wa dini zote wakitumie. Na pembe ya kuswalia, yenye mshale wa kibla. Hapa tuongeze jambo, maana tumeona watu wa pwani wakikosea: Mombasa tunaelekea kaskazini karibu moja kwa moja, lakini aliye Kitale au Bungoma hugeuka kidogo kuelekea mashariki ya kaskazini. Rangi ya kuchora mshale huo ni ya kopo moja.

Michoro ya viwanja hivi hupitia Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, iliyoundwa kwa sheria ya 1991, na Katiba ya 2010 inawataka wenye kazi za umma kusikiliza maoni ya wananchi. Vikao hivyo hujaa wanaume wanaozungumzia fidia ya ardhi na kandarasi. Ni mambo ya haki. Tungependa dada zetu wa Kitale na Bungoma nao waende, wakaseme habari za bomba na za kiti.

Siku ya tatu, baada ya khitma, tulikaa na binti yule barazani kwa mamake. Hakulia. Alisema, "Ami, ukungu nimeukubali. Lakini wangeniambia saa tatu kwamba hairuki, ningekuwa Eldoret saa tano." Tukahesabu pamoja naye, kwa vidole. Angefika saa tisa. Jeneza lilitoka saa kumi kasoro.

Alirudi Bungoma kwa basi la usiku, na leso mbili za mamake ndani ya mfuko wa mtoto.