Juu ya nini wanajiona katika filme za watoto?



Siku moja ya likizo tulionyesha watoto wa parokia filme yenye kuchorwa, Le Roi Lion. Kuran ilikubali mpaka mwisho, nayo ni neema. Muliiona ninyi pia: ilitoka mwaka wa 1994, na majina yake mengi ni ya luga yetu, Simba, Rafiki, Pumbaa. Wakati Scar, baba mudogo wa Simba, alitokea na sauti yake ya polepole, mukono unalegea, kichwa juu kama mutu mwenye kuchoshwa na wote, watoto walicheka sana. Kisha filme, ku kiwanja, walianza kuita mumoja wa vijana wa kwaya: "Scar! Scar!"

Ni kijana wa miaka 14 hivi. Anasema na sauti ya pole, anatembea na wasichana wakienda kuteka maji, na mupira hapendi. Alicheka nao kidogo. Lakini Siku ya Mungu yenye ilifuata hakuja ku kwaya, na ingine tena hakuja. Nilimukuta ku bomba, nikamuuliza kuna nini. Alitazama bidon yake, akasema: "Mi niko Scar? Mi sikuua muntu."

Jibu ile haikunitoka tena. Niliulizauliza, nikasoma, na nikaona jambo lenye linashangaza. Katika inchi za Marekani na Ulaya kuna watu wazima wenye wanasema bila haya: "Ndiyo, Scar ni wetu. Ursula ni wetu. Elsa ni wetu." Ni wanaume wenye kupenda wanaume, wanawake wenye kupenda wanawake, na wale wenye hawajisikii sawa na mwili wenye walizaliwa nao. Siku hizi wanaitwa kwa herufi nne, LGBT. Juu ya nini watu wazima wanajitafuta katika filme za watoto? Na juu ya nini hata katika watu wabaya wa filme? Twende polepole.

SHERIA YENYE ILIFUNGA MULANGO

Mwaka wa 1930 wenye makampuni ya sinema ya Marekani walikubali sheria juu ya mambo yenye yanaweza kuonyeshwa na yenye hayawezi. Pengine hamukujua kama mutu mumoja mukubwa mwenye kuiandika alikuwa padri Muyezuiti, Daniel Lord, pamoja na mulei mukatoliki, Martin Quigley, mwenye kutoa magazeti ya sinema. Kuanzia 1934 ilishikwa kwa nguvu, na ilidumu mpaka 1968. Walitaka kulinda familia, na hatuwezi kuwalaumu juu ya nia ile.

Kati ya mambo yenye ilikataza ni kuonyesha mapenzi ya watu wa jinsia moja. Lakini watu wale walikuwa katika dunia, na wengine walikuwa kati ya wale wenye walitengeneza sinema. Basi, kile chenye mulango ulikikatalia kikapita ku dirisha. Hakuna mwenye alisema neno. Walionyesha kwa sauti, kwa mukono, kwa nguo, kwa namna ya kutembea. Na kwa kuwa sheria ilidai ubaya uazibiwe, mutu wa namna ile akawa mara nyingi mubaya mwenye kufa ku mwisho, ao mutu wa kuchekesha. Mwaka wa 1981 Mumarekani mumoja, Vito Russo, aliandika kitabu kizima juu ya jambo lile, The Celluloid Closet.

Sheria ilikufa, lakini desturi ilibakia, na iliingia hata katika filme za watoto. Tazameni Jafar wa filme ya Aladdin ya 1992, na macho yake yenye kupakwa rangi. Tazameni Scar: katika filme ile hatumuoni na bibi wala mutoto. Wote wawili walichorwa na fundi mumoja, Andreas Deja, mwenye yeye mwenyewe anasema wazi kama anapenda wanaume. Hakuwachora kwa chuki. Na watu wenye wanawapenda wanasema hivi: tulipokuwa watoto, mutu mwenye alifanana nasi kidogo alikuwa yule tu. Mutu mwenye hajaona sura yake fasi yoyote atajitazama hata katika maji ya chafu.

Kuna jambo lingine tena. Wabaya hawa hawaombi ruhusa ya kuwa vile walivyo. Mutoto mwenye anaambiwa kila siku "simama vizuri, sema kama mwanaume" anapomuona mutu mwenye hana haya hata kidogo, anapumua.

URSULA NA MUTU MWENYE ALIMUPA SAUTI NGUVA

Wengi wenu munajua La Petite Sirène, filme ya nguva mudogo, ya 1989. Hadizi yenyewe ni ya zamani: iliandikwa na Hans Christian Andersen wa Danemark, na ilitoka mwaka wa 1837. Nguva anapenda mwana wa mufalme, anatoa sauti yake kusudi apate miguu, na hawezi kumuambia neno. Mwana wa mufalme anaoa mwengine. Andersen alimuandikia rafiki yake Edvard Collin barua za mapendo makali. Edvard hakuweza kumurudishia mapendo yale, na alioa mwaka wa 1836. Andersen alipenda wanawake pia, tusimuweke katika sanduku moja. Lakini wasomi wengi wanaona huzuni ya barua zile katika hadizi ya mwenye kupenda na ulimi umefungwa.

Filme ya 1989, maneno ya nyimbo zake yaliandikwa na Howard Ashman, mutu wa muji wa Baltimore, mwenye aliishi na mwanaume mwenzake. Mulozi wa bahari, Ursula, mwenye mwili mukubwa na rangi nyingi ku uso, alichorwa kwa mufano wa Divine, mwanaume wa Baltimore vilevile, mwenye alijulikana katika sinema kwa kuvaa kama mwanamuke. Na wakati filme ilionyeshwa kwa majaribio, mukubwa mumoja wa kampuni alitaka kukata wimbo wenye nguva anaimba hamu yake ya kuishi kati ya watu wengine, kwa sababu watoto walianza kuhangaika ku viti. Ashman alipigania wimbo ule mpaka ukabakia. Leo ni huo wenye wengi wanakumbuka. Mutu mwenye aliona kila siku maisha ya wengine kama nyuma ya kioo, anajua sababu.

Ashman alikuwa na SIDA. Aliendelea kuandika nyimbo za La Belle et la Bête na mwili unaisha, na alikufa tarehe 14 Marchi 1991, na miaka 40 tu. Filme ilitoka mwezi wa 11 mwaka ule ule, na ku mwisho wake wenzake waliandika kumushukuru mwenye alipatia nguva sauti na munyama roho. Mwaka wa 1992 wimbo wake ulishinda Oscar, na mwenye kupanda kuipokea alikuwa mwenzake wa nyumbani, Bill Lauch. Wengi wakitazama filme ile sasa, mutu mwenye laana ku mwili, maua yanaanguka moja-moja, watu wa muji wanakuja na mioto kumuua bila kumujua, wanafikiri SIDA.

Sisi wa muji ya migodi tunafahamu. Ni mazishi mangapi tulienda, na jina la ugonjwa halikutamkwa hata mara moja?

ELSA NA CHUMBA CHENYE KUFUNGWA

Wasichana wetu wanaimba "Libérée, délivrée" mpaka wazazi wanachoka. Ni wimbo wa Elsa, wa filme La Reine des neiges ya 2013. Elsa alizaliwa na nguvu ya barafu ku mikono. Hakuichagua. Siku moja aliumiza mudogo wake bila kutaka, na wazazi waliogopa. Walifunga milango ya nyumba, wakamupa mutoto gan za kufunika mikono, wakamufundisha kuficha. Walimupenda, hakuna shaka! Lakini mutoto alikomaa nyuma ya mulango, na siku siri ilipotoka mbele ya watu wote, alikimbia ku mulima peke yake.

Filme haisemi neno moja juu ya kupenda mwanamuke. Elsa haolewi katika filme ya kwanza wala katika ile ya 2019, basi. Mwaka wa 2016 watu wengi waliomba ku intaneti apewe mupenzi mwanamuke, kampuni haikufanya. Lakini wenye waliishi na siri ndani ya nyumba ya wazazi wenye kuwapenda walijua mara moja chumba kile ni cha nani.

Na jambo hili liliniingia sana: ku mwanzo Elsa alipangwa kuwa mubaya wa filme. Kristen Anderson-Lopez na bwana yake Robert Lopez walipoleta wimbo ule, watengenezaji walisikia moyo wake, na hawakuweza tena kumufanya mubaya. Walibadilisha hadizi.

WENGINE, KWA UFUPI

Mulan wa 1998 anajitazama ku mawe yenye kungaa, anafuta poda ya uso, na anauliza moyoni ni lini sura ya inje itafanana na ya ndani. Wenye hawajisikii sawa na mwili wao walishika filme ile kuwa yao. Timon na Pumbaa ni dume wawili wenye waliokota mutoto wa simba na kumukomalisha. Wengi wanacheka, wanasema ndiyo jamaa yetu ile. Luca wa 2021 ni mutoto wa bahari mwenye kuficha umbo lake katika kijiji cha Italia. Wengi walijiona, lakini Enrico Casarosa, mwenye kuongoza filme, alisema yeye alitaka kusema juu ya urafiki wa watoto tu. Wote wawili wana haki: mwenye kupika anajua alitia nini katika chungu, na mwenye kula anajua kilimufikia wapi.

Mwaka wa 2022 kampuni ile ilitoa filme yenye kijana mumoja wa kwanza-kwanza anapenda kijana mwenzake wazi, Strange World. Watazamaji walikuwa wachache. Watu bado wanapenda Elsa. Siri inagusa wengi zaidi.

SI WAO PEKE YAO

Ndugu musomaji, wewe pia umeona chumba kile. Ku kartie zetu kuna mutoto mwenye anaitwa mulozi kwa sababu anakojoa ku kitanda ao kwa sababu mama alikufa. Anafungiwa, ananyimwa chakula, anafukuzwa. Sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kabisa kusingizia mutoto ulozi, lakini tunajua yenye inatendeka. Kuna mutoto albino mwenye anakaa ndani wageni wakija. Wote hao wakitazama Elsa, wanamujua.

TUFANYE NINI SISI WAZAZI?

Kwanza, tutazame filme pamoja na watoto, na kisha tuulize: nani ulimupenda? Juu ya nini? Jibu la mutoto ni dirisha.

Pili, tusipe mutoto jina la mubaya. Sauti ya pole haisemi mutoto atakuwa nani, wala atapenda nani. Kijana wetu anaimba sauti ya kwanza vizuri kabisa, ni hilo tu tunalijua juu yake, na linatosha.

Tatu, Kanisa letu linafundisha kama ndoa ni ya mwanaume na mwanamuke, na gazeti hili halifichi. Lakini Katekisimu ya 1992, namba 2358, inatuagiza pia tuwapokee watu hao kwa heshima, huruma na upole, bila kuwabagua kwa zulumu. Marehemu Papa Fransisko, mwezi wa kwanza wa 2023, siku chache tu mbele ya kufika Kinshasa, alisema kuwa vile si kosa la kupeleka mutu gerezani. Alitenganisha zambi na kosa la sheria. Mwenye anashika fundisho la kwanza na kutupa la pili, anashika nusu ya Katekisimu.

Ine, mutoto wako akikuambia siku moja jambo lenye linakutetemesha, usifunge mulango. Hofu ya wazazi wa Elsa ilizaa baridi kali kuliko nguvu yake mwenyewe.

Kijana wetu alirudi ku kwaya kisha miezi miwili. Hakuna mwenye alisimama kumuomba musamaha. Mumoja tu kati ya wale wenye walimuita Scar alisogea ku benchi, akamuachia fasi, na wakafungua kitabu kimoja.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Ni mutu gani wa filme ao wa hadizi mwenye ulifikiri, "huyu ni mimi"? Sema sababu.

2. Katika avenu yetu, ni mutoto gani mwenye tumemupa jina la kumuumiza? Nani ataanza kumuita kwa jina lake la ubatizo?

3. Kuna mulango wowote katika nyumba yetu wenye tulifunga kwa hofu?